Njaa au msongo? Mwongozo kamili wa mwanafunzi wa Bukavu: kujipima, kula na kujua wakati wa kuomba msaada

Mitihani ikikaribia, maswali yanayonifikia huwa yale yale. "Nasoma ukurasa mmoja mara nne, hauingii." "Nalala usiku kucha na bado naamka nimechoka." "Nimenunua vitamini, hazisaidii." Nikiuliza umekula nini jana, jibu ni chai asubuhi, mandazi mawili saa nane, bugali usiku kama pesa ilipatikana.

Wengi wameshajaribu kujirekebisha wakaacha kabla wiki haijaisha. Wanaanzia mwisho: wananunua dawa kabla ya kujipima, au wanaanza kula vizuri kila mmoja peke yake na pesa inakatika siku ya nne, au wanangoja msongo upite wenyewe huku tumbo likiwa tupu. Kwa mtu anayepanga chumba Kadutu, Ndendere au Panzi hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, mpangilio ninaouamini ni huu: jipime, jaza tumbo siku 14, jipime tena, kisha amua.

Kwa nini tumbo kwanza? Mwaka 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, mtafiti Ancel Keys aliwapunguzia chakula kwa karibu miezi sita wanaume 36 waliokuwa wazima wa mwili na akili. Walikonda, na pamoja na kukonda wakaanza kuwa na huzuni, hasira za ghafla, kujitenga na kushindwa kukaza mawazo. Kutwa nzima walifikiria chakula. Kwa hiyo dalili unazoziita msongo zinaweza kuwa njaa tupu. Kinyume chake pia kipo: huzuni nzito huondoa hamu ya kula, na hapo bugali peke yake haitakuponya. Kazi ya siku 14 ni kutenganisha hayo mawili.

## Vitu vya kuandaa

- Daftari dogo na kalamu.
- Mita ya fundi cherehani na kitabu chenye jalada gumu.
- Mizani. Kituo cha afya au duka la dawa litakuruhusu kupanda.
- Wenzako wawili au watatu wanaokaa karibu nawe.
- Sufuria ya lita tano au zaidi yenye mfuniko, mbabula (jiko la mkaa), makala ya kuwasha (mkaa), ndoo ya maji yenye mfuniko.
- Pesa ya chakula ya wiki moja, mkononi, si ya kuahidiwa.
- Jina la mtu mmoja unayeweza kumwamsha usiku wa manane. Liandike ukurasa wa kwanza wa daftari.

## Hatua ya 1: Pima mwili

Vua viatu, simama ukutani, visigino na kisogo viguse ukuta. Mwenzako aweke kitabu juu ya kichwa chako, ubavu wake mmoja ukibana ukuta, achore alama. Pima kutoka sakafuni hadi kwenye alama. Urefu unapimwa mara moja tu.

Uzito pima asubuhi kabla ya kula, ukiwa na nguo nyepesi, na urudi kwenye mizani ile ile siku zote. Mizani mbili zinaweza kupishana kilo mbili, ukafurahi au ukaogopa bure.

Sasa gawanya uzito kwa urefu wa mita, halafu jibu uligawanye tena kwa urefu ule ule. Mwenye kilo 47 na mita 1.65 anapata 47 ÷ 1.65 = 28.5, kisha 28.5 ÷ 1.65 = 17.3.

Soma hivi: kuanzia 18.5 hadi 24.9 uko sawa. Chini ya 18.5 uzito wako ni mdogo. Chini ya 17 upungufu umeshakuwa wa kushughulikiwa. Chini ya 16, usianze mwongozo huu peke yako, nenda kituo cha afya wiki hii. Kuanzia 25 uzito umezidi, na hilo nalo linawapata wanafunzi wanaoishi kwa mandazi, chapati na soda: tumbo limejaa, damu haina kitu. Hatua zinazofuata zinakuhusu wewe pia, ila punguza mafuta, sukari na unga.

Hata kama hesabu iko sawa, angalia mwenendo. Aliyekuwa na kilo 55 akapoteza 3 ndani ya mwezi bila kukusudia ana jambo la kumwambia muuguzi.

Kisha angalia viganja, ulimi na ndani ya kope za chini. Vikiwa vyeupe, na ukipanda Karhale moyo unadunda kuliko wa wenzako, omba kipimo cha hemoglobini. Kwa kawaida mwanamke asiye mjamzito anahesabiwa ana upungufu wa damu akiwa chini ya gramu 12 kwa desilita, mwanaume chini ya 13. Lakini Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na mwili unaoishi juu unahitaji damu zaidi, kwa hiyo mpaka huo unapanda. Hemoglobini ya 12.2 kwa msichana wa Bukavu haina maana ile ile kama kwa msichana wa Boma, mji ulio chini karibu na bahari. Mwulize anayekusomea matokeo kama amehesabu mwinuko. Upungufu wa damu huleta uchovu, kizunguzungu na kichwa kisichoshika masomo, na wengi wameuita uvivu kwa miaka.

Onyo. Usinunue vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa sokoni na kwenye vibanda. Vingi ni siproheptadini, deksamethasoni, au vyote viwili pamoja. Siproheptadini inaongeza hamu ya kula lakini inakulaza darasani. Deksamethasoni inakuvimbisha uso, inapandisha sukari na shinikizo la damu, inadhoofisha mifupa. Ukiwa umeitumia kwa majuma mengi, usiikate ghafla: mwambie daktari, kwa sababu mwili unakuwa umeacha kutengeneza homoni yake ya asili.

Onyo la pili. Mtu aliyekaa zaidi ya siku tano bila kula karibu chochote asishibishwe kwa pupa. Chakula kingi cha ghafla kinaweza kuvuruga chumvichumvi za damu hadi moyo ushindwe. Huyo aanzie kituo cha afya.

## Hatua ya 2: Pima hali ya moyo

Tumia maswali matano ya Shirika la Afya Duniani yanayoitwa WHO-5. Ni mafupi na hayahitaji mtaalamu. Fikiria wiki mbili zilizopita tu:

1. Nimekuwa mchangamfu, mwenye moyo mweupe.
2. Nimejisikia mtulivu, sikukazana.
3. Nimekuwa na nguvu na ari ya kufanya mambo.
4. Nimeamka nikijisikia nimepumzika.
5. Siku zangu zimejaa mambo yanayonivutia.

Kila sentensi ipe alama: 5 kama ni wakati wote, 4 muda mwingi, 3 zaidi ya nusu ya muda, 2 chini ya nusu, 1 mara chache, 0 hata mara moja. Jumlisha, zidisha kwa 4. Jibu linaanzia 0 hadi 100.

Ukipata zaidi ya 50, endelea. Ukipata 50 au chini, hali yako ni dhaifu na inafaa kufuatiliwa. Ukipata 28 au chini, usingoje siku 14: anza chakula leo na siku hizi hizi umwone mtu wa afya. Maswali haya hayatoi jina la ugonjwa, yanaonyesha tu nani asicheleweshwe.

Kuna mambo ambayo hayasubiri hesabu yoyote. Unafikiria kufa au kujiumiza. Unasikia sauti ambazo wengine hawazisikii. Siku kadhaa hulali kabisa na huoni kama unahitaji usingizi. Mwamshe yule mtu wa ukurasa wa kwanza, asikuache peke yako, na muende pamoja hospitali.

## Hatua ya 3: Siku tatu za daftari

Usibadilishe chochote bado. Andika saa, ulichokula, pesa uliyotoa, na hali ya moyo kuanzia 0 hadi 10. Moja ya siku hizo iwe Jumapili, kwa sababu Jumapili wengi hula kwa ndugu na picha inabadilika.

Utatafuta mambo mawili. La kwanza, umekaa masaa mangapi bila kula ukiwa macho. Ikizidi sita, angalia alama ya moyo ilikuwa ngapi saa hiyo. La pili, pesa ndogo ndogo: mandazi, soda, vocha, biskuti. Zijumlishe. Mara nyingi zinakaribia bei ya maharagi ya wiki nzima.

## Hatua ya 4: Chungu kimoja

Hapa ndipo wengi wanaanguka, kwa hiyo tukae kidogo.

Kupika peke yako Bukavu ni hasara. Makala yanayoivisha maharagi ya mtu mmoja yanaivisha ya wanne. Anayepika peke yake anachoka, anarudi kwenye chai na mandazi. Na anayekula peke yake hakuna wa kugundua siku aliyoacha kula.

Muwe watatu au wanne. Watano mtaanza kugombana juu ya sufuria. Kubalianeni haya kabla ya pesa ya kwanza kutolewa:

Pesa inageuzwa chakula siku ile ile. Pesa ya nyumbani inakuja kwa simu, haina siku maalumu, na tangu benki za mji zifungwe mwanzoni mwa 2025 hata familia zenye uwezo zinatuma kwa vipande. Ikibaki kwenye simu itaishia kwenye fotokopi na usafiri. Unga ulio kwenye ndoo hauwezi kukopwa na mtu.

Asiye na pesa wiki hii anatoa kazi. Anachota maji, anachambua maharagi, anaosha sufuria, na anakula sahani sawa na wengine. Msipokubaliana hili mapema, atakayekosa pesa atasema "nimeshakula" na kwenda kulala. Sentensi hiyo mnaijua wote, na mara nyingi si kweli. Mwenzenu akiisema siku mbili mfululizo, msimwulize mbele ya watu. Mpelekeeni sahani.

Zamu ziandikwe. Karatasi ukutani: nani anapika, nani ananunua, nani anaosha. Anayekosa zamu bila kusema analipa makala ya siku inayofuata.

Mmefanikiwa kama ifikapo siku ya tano mmekula pamoja mara mbili kila siku na hakuna aliyekimbilia mandazi saa nane.

## Hatua ya 5: Nunua na pika

Kwa watu wanne, siku saba, milo miwili na uji wa asubuhi, hesabu ya kuanzia ni hii:

- Unga wa bugali: kilo 10. Nusu mahindi, nusu muhogo, kama mnapenda mchanganyiko.
- Maharagi makavu: kilo 3.
- Sambaza kavu (samaki wadogo wa ziwani): gramu 700.
- Mafuta: karibu lita 1. Mawese yawepo.
- Unga wa uji: karibu kilo 2, robo yake iwe soya iliyokaangwa kabla ya kusagwa.
- Lengalenga (mchicha) au sombe (majani ya muhogo) kila siku, nyanya, vitunguu, ndimu, chumvi yenye madini ya joto.
- Parachichi au matunda ya msimu, angalau nusu kwa kila mtu kwa siku.

Kwa kila mmoja hiyo ni kalori 2,200 hadi 2,400 kwa siku, na protini inayomtosha mtu mzima wa kilo 55 au 60 na kuzidi. Pesa isipotosha, punguzeni unga kidogo kabla ya kugusa maharagi na sambaza. Karibu kila mtu hufanya kinyume: anaongeza bugali, anapunguza mboga. Bugali ya muhogo mtupu inashibisha haraka lakini protini yake ni kidogo mno.

Muhogo mchungu usioloweshwa siku za kutosha na kukaushwa vizuri unabaki na sumu ya sianidi. Ukiliwa sana bila protini unaweza kuleta konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu. Onja unga kwenye ncha ya ulimi. Ukiwa na uchungu, mrudishie mama aliyekuuzia. Sombe nayo itwangwe, ichemshwe muda mrefu bila kufunikwa.

Sambaza kavu chagua kwa pua na vidole. Ziwe zinavunjika kwa sauti, zing'ae kidogo, zisiwe na unga mweupe wa ukungu wala harufu ya kuchacha. Sugua chache mkononi juu ya karatasi: mchanga ukidondoka mwingi, unanunua mchanga. Zioshe mara mbili kwa maji ya vuguvugu, zikaushe, kisha zikaange na kitunguu mpaka zilie. Mle nzima, kichwa na mifupa: kalsiamu iko humo, na vitamini B12 ambayo maharagi na mboga havina.

Maharagi loweka usiku, mwaga maji, weka mapya, yachemke kwa nguvu dakika kumi za kwanza, kisha punguza makala na funika. Yaliyolowekwa yanaiva mapema, makala yanabaki. Pika jioni, kesho mchana yachemshe tena mpaka yatoe mvuke, myamalize. Mafuta ya mawese usiyachome mpaka yapauke, kwa kuwa rangi ile nyekundu ndiyo inayokupa vitamini A.

Kamua ndimu juu ya maharagi na lengalenga mezani. Vitamini C inasaidia mwili kuchukua madini ya chuma. Chai na kahawa vinafanya kinyume, kwa hiyo zisubiri saa moja baada ya kula. Kwa dada zangu wanaopoteza damu kila mwezi, kanuni hii moja ina thamani kuliko chupa ya vitamini.

Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa. Kuhara siku tatu kunafuta kazi ya wiki.

Onyo kubwa. Mbabula isiingie chumbani, hata mvua ikinyesha, hata makala yakiwa yameshakuwa mekundu yasiyo na moshi. Hewa yake ya sumu, kaboni monoksidi, haina rangi wala harufu. Inaanza na kuumwa kichwa na usingizi, na wapo waliolala nayo wasiamke. Pikia kibarazani au mlangoni kunakopita upepo, na usilale mbabula ikiwa ndani.

## Hatua ya 6: Panga siku

Uji kabla ya kutoka, hata kikombe kimoja. Mlo wa mchana usipite saa nane. Mlo wa jioni masaa mawili kabla ya kulala. Siku ya mtihani usijaribu chakula kipya.

Kahawa mwisho saa nane mchana, kwa sababu baada ya masaa matano hivi nusu yake ingali mwilini. Lala masaa saba. Usiku wa kukesha unakunyang'anya sehemu ya ulichosoma. Tramadoli anayokupa mwenzako ili "usisikie uchovu" inaweza kukuletea degedege na uraibu. Pombe za sapilo na kasiksi zinaleta usingizi haraka lakini zinauvunja usiku wa manane, na asubuhi huzuni inakuwa nzito zaidi.

Kuhusu mfungo wa maombi, nasema kwa heshima. Mwenye hesabu chini ya 18.5, mwenye upungufu wa damu, mjamzito au anayetumia dawa asifunge kavu. Mwambie mchungaji wazi: "Nimepimwa, uzito wangu hautoshi." Kuna njia nyingine za kufunga, na wachungaji wengi wataelewa. Usimruhusu mtu yeyote akuachishe dawa kwenye chumba cha maombi. Sali, na umeze.

## Hatua ya 7: Siku ya 14, pima tena

Rudi kwenye mizani ile ile, jibu maswali yale matano tena, linganisha. Utaangukia sehemu moja kati ya hizi.

Uzito umepanda au umetulia, alama za WHO-5 zimepanda kwa 10 au zaidi na zimevuka 50. Njaa ilikuwa na sehemu kubwa. Endelea na chungu, jipime kila mwezi.

Umekula vizuri lakini uzito unashuka. Huo si msongo wa masomo. Omba wakuangalie minyoo, malaria, kifua kikuu, sukari na virusi vya UKIMWI.

Mwili uko sawa, alama bado ni 50 au chini. Chakula kimefanya kazi yake. Kilichobaki kinahitaji mtu. Anzia kituo cha afya cha eneo lako, Ibanda, Kadutu au Bagira, useme moja kwa moja: "Wiki mbili sasa sina furaha na sishiki masomo." Ukisema "naumwa kichwa" tu, utapewa dawa ya kichwa. Bukavu ina kituo cha magonjwa ya akili, SOSAME, na kwenda huko hakukufanyi kichaa, kama kwenda kwa daktari wa meno kusivyokufanya kibogoyo. Aliyefanyiwa ukatili wa kingono, hata zamani, atapata daktari na mshauri wa nafsi Hospitali ya Panzi. Ikiwa ni ndani ya masaa 72 aende sasa hivi, kwa sababu dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zina muda wake.

Unashindwa kula ingawa chakula kipo, unajitapisha, au unaogopa kunenepa huku hesabu ikiwa chini ya 18.5. Hilo nalo ni ugonjwa. Lipeleke kituo kile kile na mwonyeshe muuguzi daftari lako.

Nenda na mwenzako mmoja wa chungu. Mtu aliyechoka husahau nusu ya anachoambiwa, na mwenzake atakumbuka siku ya kurudi. Dawa za huzuni, ukiandikiwa, huchukua wiki mbili hadi nne kabla ya kuonyesha kazi yake, na hazikatwi siku unayojisikia vizuri.

Daktari akiona huwezi kufanya mtihani, omba cheti siku hiyo hiyo. Kipeleke sekretarieti ya kitivo kabla ya tarehe ya mtihani, acha nakala, na uombe muhuri wa kupokelewa kwenye ile unayobaki nayo. Cheti kinachofika baada ya majaji wa mitihani kukaa kupitisha matokeo kinaweza kukosa nguvu.